Geuza Hiyo Picha

Nina ugomvi na wakusanyaji wa picha za zamani za besiboli. Sina shida na mtu kupenda picha, wala na mtu kutumia pesa zake anavyotaka. Shida yangu ni kwamba wamejenga soko zima juu ya vitu viwili, umri wa karatasi na umaarufu wa sura moja, halafu wanasimama mbele ya watu na kusema wanahifadhi historia. Wanahifadhi karatasi. Picha ambayo hujui ni kina nani wamo ndani, nani aliipiga na siku hiyo kulitokea nini, ni karatasi yenye vivuli vya watu. Inaweza kuwa ghali, sawa, lakini ni karatasi.

Najua kuna mtu hapo ameshauliza: wewe na besiboli wapi na wapi? Mtoto wa Nairobi, mchezo wenyewe hata hujui unachezwa na watu wangapi. Ni tisa kwa tisa, asante. Na kama besiboli haituhusu, shuka Gikomba asubuhi moja uhesabu kofia zenye N na Y zilizopandana. Hiyo ni nembo ya Yankees, timu ya besiboli ya New York, na sisi tunaivaa mtaani, kwa matatu, hadi matangani. Tumevaa nembo bila hadithi yake. Wakusanyaji ninaowasema wamefanya vivyo hivyo, tofauti tu ni kwamba wao wana pesa.

Mimi niliingia kwenye hizi picha kupitia kazi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilikuwa imenishinda, na tangu hapo naandika chochote kinacholipwa kwa neno: godoro, chakula cha mbwa, hoteli ambazo sitawahi kulala. Kisha muuzaji mmoja wa Marekani, ambaye simtaji, akanipa kazi ya kuandika maelezo ya picha zake za zamani za besiboli. Maneno 120 kwa kila picha. Kwa hivyo wakati mwingine ukisoma kwenye mnada wa ng'ambo ile hadithi tamu chini ya picha ya 1912, ujue huenda imeandikwa na mtu Roysambu, stima ikiwa imepotea na simu iko asilimia tisa. Picha za huyo muuzaji nimezisoma mbele na nyuma. Ndiyo maana naongea.

Kwanza uelewe soko lenyewe. Huko Marekani kuna kampuni ambazo kazi yao ni kuthibitisha picha, na picha za zamani zimegawanywa katika madaraja manne. La kwanza ni picha iliyochapwa kutoka negativu halisi, ndani ya takriban miaka miwili tangu ipigwe. La pili ni ya negativu hiyo hiyo, lakini ikachapwa baadaye. La tatu ni ya kizazi cha pili, kwa mfano iliyotoka kwenye negativu ya kunakiliwa au iliyotumwa kwa waya, na ikachapwa ndani ya miaka miwili hiyo. La nne ni ya kizazi cha pili iliyochapwa baadaye. Daraja la kwanza likiwa na sura ya Babe Ruth, unaongea pesa ya kununua ploti.

Mpangilio huo una akili yake. Unamlinda mnunuzi asiuziwe nakala ya juzi kwa bei ya 1915. Lakini angalia kile ambacho hauulizi. Hakuna daraja la picha ambayo kila mtu ndani yake anajulikana kwa jina. Hakuna alama za ziada kwa muuzaji aliyetafuta tarehe ya mechi hadi akaipata. Karatasi ikiwa kongwe na sura ikiwa maarufu, kazi imekwisha. Wale wengine ni pambo.

Chukua kadi maarufu ya Honus Wagner. Ilitoka kwenye pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, na mwaka 2022 nakala moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Sura iliyo kwenye kadi ilitokana na picha ya Carl Horner, mpiga picha wa studio huko Boston. Tafuta jina la Horner kwenye kadi. Halipo. Mtu alimkalisha Wagner, akapanga mwanga, akamtuliza, akabonyeza, na zaidi ya miaka mia moja baadaye mamilioni yanabadilisha mikono juu ya kazi yake bila mtu kumkumbuka.

Au chukua Charles Conlon. Huyu alikuwa msahihishaji wa prufu kwenye gazeti la New York, na kupiga picha ilikuwa kazi ya pembeni, kama wengi wetu tunavyoishi sasa. Alianza 1904, akaendelea hadi 1942. Mwaka 1910, katika uwanja wa Hilltop Park, Ty Cobb wa Detroit alijirusha miguu mbele kuingia kituo cha tatu, meno yameumana, mchanga unaruka, na mlinzi wa kituo akapoteza miguu. Conlon alisimulia miaka mingi baadaye kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kama huyo mlinzi, rafiki yake, ameumia. Hakujua hata kama kidole kimebonyeza. Alibadilisha kioo cha negativu kwa tahadhari tu, na alipokisafisha ndipo akakuta picha iko hapo.

Leo hiyo inauzwa kama picha ya Cobb. Lakini ndani yake kuna watu wawili. Wa pili ni Jimmy Austin, mzaliwa wa Wales, na ni yeye ndiye anayeruka hewani. Mtoe Austin, unabaki na mtu mwenye hasira anayejirusha mchangani. Na nyuma ya kamera kuna wa tatu, Conlon, aliyeipiga picha hiyo kubwa huku moyo wake uko kwa rafiki. Ukijua hayo, huwezi kuitazama tena kama sanamu ya ukali wa Cobb. Inakuwa picha ya rafiki mmoja akimhofia mwenzake. Sasa niambie, kati ya umri wa karatasi na hadithi hiyo, ni kipi kinachofanya picha iwe na maana?

Picha ya besiboli inayosifiwa kuliko nyingi haina hata sura. Tarehe 13 Juni 1948, Babe Ruth alirudi Yankee Stadium mara ya mwisho, mgonjwa wa saratani, kustaafishiwa namba yake. Wapiga picha walijazana mbele yake. Nat Fein wa New York Herald Tribune, ambaye hata hakuwa mtu wa michezo bali alikuwa amechukua zamu ya mwenzake aliyeugua, alizunguka nyuma. Akapiga mgongo, namba 3, mabega yaliyolegea, na gongo ambalo mzee alikuwa analitumia kama mkongojo. Ruth alifariki Agosti mwaka huo huo. Picha ilimpa Fein tuzo ya Pulitzer mwaka 1949. Mtu asiyeijua hadithi anaona mwanamume amesimama. Anayeijua anaona mtu akiaga. Karatasi ni ile ile.

Basi na mimi nasema, tuzungukeni nyuma. Geuza hiyo picha.

Picha ya zamani ya gazeti ina pande mbili. Mbele kuna mchezaji, na mara nyingi alama za penseli au rangi nyeupe mahali mhariri alipoamua nani abaki na nani akatwe. Nyuma kuna mhuri wa gazeti, tarehe ya kuchapishwa, pengine jina la mpiga picha, na kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa gundi chenye maelezo: kutoka kushoto kwenda kulia, fulani, fulani, na fulani. Wakusanyaji wanausoma mgongo huo, siwasingizii. Lakini wanausoma kama karani anavyosoma risiti. Mhuri upo? Upo. Tarehe ipo? Ipo. Lipa. Majina yaliyo hapo chini hayaongezi hata senti, kwa hivyo hakuna anayeuliza.

Niliwahi kupewa picha ya watu saba wameketi kwenye benchi, mmoja wao nyota. Nyuma, karatasi ya maelezo ilikuwa imechanika katikati, majina matatu tu yamebaki. Nikamwandikia muuzaji nikiomba muda wa kutafuta wale wengine. Akajibu kwamba niandike yule maarufu, hao wengine hawanunuliwi. Nilitumia saa tatu zangu, bila malipo, kwenye magazeti ya zamani yaliyowekwa mtandaoni, nikapata majina mawili zaidi, nikayaweka. Maelezo yalipotoka, majina yote yalikuwa yameondolewa isipokuwa la nyota, na mahali pake kumeongezwa sentensi kuhusu macho ya shujaa yanayotazama vita vilivyo mbele yake. Vita gani bana? Ilikuwa mechi ya mazoezi, mwezi wa tatu, kabla msimu haujaanza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hili soko halichukii hadithi. Linazipenda sana, mradi ziwe tamu na zimhusu mtu mmoja. Linachokwepa ni ukweli mdogo mdogo wenye majina mengi, kwa sababu huo unahitaji kazi, na kazi inahitaji kulipwa.

Mtu ataniambia, majina ya watu waliokufa kitambo yana faida gani? Yana faida kubwa, na ushahidi ninao.

Kuna picha ya timu ya chuo cha Oberlin, Ohio, ya mwaka 1881. Vijana wameketi na vifaa vyao, picha ya kawaida kabisa. Ukiwa huna majina, utaipita. Ukiwa nayo, unajua kwamba hao vijana wawili Weusi katikati ya wenzao Wazungu ni Moses Fleetwood Walker na ndugu yake Welday. Mwaka 1884 Fleetwood alicheza ligi kuu akiwa na Toledo, miaka 63 kabla ya Jackie Robinson, ambaye dunia nzima imefundishwa kwamba ndiye aliyefungua mlango mwaka 1947. Mlango ulikuwa umefunguliwa, ukafungwa kwa makusudi, na watu wakasahauliwa. Walker alisoma Oberlin, akahamia Michigan, akaondoka bila digrii, na unaweza kukisia kwa nini nampenda. Mwaka 1908 aliandika kitabu kizima akiwashauri Wamarekani Weusi warudi Afrika, kwa kuwa alikuwa amekata tamaa na nchi yake. Yote hayo yako nyuma ya picha moja ya vijana wa chuo. Bila jina, hakuna hata mstari wa kuanzia.

Halafu kuna Josh Gibson, mdakaji na mpigaji wa timu za Weusi za Pittsburgh, Crawfords na Homestead Grays. Alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Robinson hajaingia uwanjani, na kaburi lake lilikaa bila jiwe lenye jina hadi 1975. Ligi zake zilikuwa haziingii kwenye rekodi rasmi. Watafiti, wengi wao wakijitolea, walichimba magazeti ya zamani mechi baada ya mechi, jina baada ya jina. Mwaka 2020 ligi kuu ya Marekani ikatangaza kwamba zile ligi za Weusi zitahesabiwa kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zikaingizwa. Gibson, kwa wastani wake wa .372, akapanda juu kabisa ya orodha ya wapigaji wa wakati wote. Unajua alimshusha nani? Ty Cobb, yule yule wa picha ya Conlon, mwenye .367. Kwa hivyo usiniambie majina hayabadilishi kitu. Yamebadilisha mstari wa kwanza kabisa wa kitabu.

Sasa tuje kwa hoja za upande wa pili, kwa sababu wana hoja.

Wanasema: bila sisi hizi picha zingechomwa. Ni kweli, na nawashukuru. Magazeti yalipoanza kubana matumizi, makabati ya picha yalionekana mzigo, na mara nyingi mkusanyaji ndiye aliyefika kabla ya lori la taka. Lakini kuokoa mtoto mtoni hakukupi ruhusa ya kumuuza. Na baadhi ya waokoaji ndio walioharibu zaidi. Huko Arkansas, mfanyabiashara mmoja alizunguka akichukua hifadhi za picha za magazeti kwa ahadi ya kuzigeuza ziwe za kidijitali. Hata kampuni kubwa ya magazeti ya Australia na New Zealand ilimpelekea makasha yake. FBI wakavamia 2014, mkusanyiko ukaingia kwenye mgogoro wa madeni, na 2017 jamaa akahukumiwa miaka 12 jela kwa ulaghai. Negativu za Conlon, zaidi ya 7,000, nazo zilikuwa zimepitia mikononi mwake, na mwaka 2016 zikapigwa mnada kwa karibu dola milioni 1.8. Hapo tulikuwa na bahati, zilienda pamoja. Hifadhi ikivunjwa na kuuzwa moja moja, picha A inaenda Texas, B inaenda Tokyo, na ule uhusiano uliokuwa unakuambia kwamba A na B ni za mechi moja unakufa. Huwezi kuununua tena.

Wanasema pia: ni mali yangu, nimelipa. Sawa, karatasi ni yako. Lakini hujanunua watu walio ndani, na jina la mtu halikuwahi kuwa la kuuzwa. Kuweka skani ya mbele na ya nyuma mahali watu wanaweza kuiona hakupunguzi karatasi yako hata milimita. Anayekataa analinda siri, na siri ikiwa ndiyo biashara, tuseme ni biashara. Tusiiite mapenzi ya historia.

Na wanasema: majina mengine hayapatikani. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, kwa sababu kuna waliojaribu na wakapata.

Charles Harris, aliyejulikana kama Teenie, alipigia picha gazeti la Weusi la Pittsburgh Courier kwa miongo kadhaa. Alipiga harusi, mikutano, watoto barabarani, na besiboli ya kina Gibson. Aliacha negativu karibu 80,000, nyingi bila kichwa wala tarehe, na uzeeni alilazimika kwenda mahakamani akidai hifadhi yake irudi mikononi mwake. Mwaka 2001 jumba la makumbusho la Carnegie huko Pittsburgh likainunua. Wangeweza kuzitundika ukutani na kuandika "mchezaji asiyejulikana". Badala yake waliziweka mbele ya wenyeji na kuuliza: huyu ni nani? Wazee wakaja wakasema, huyo ni mjomba, huyo ni jirani, hapo ni kona fulani. Hiyo ndiyo njia. Unawauliza watu.

Maktaba ya Bunge la Marekani nayo ilifanya hivyo. Ina negativu karibu 40,000 za vioo za shirika la picha la George Grantham Bain, nyingi za besiboli, na mara nyingi majina yaliyokwaruzwa kwenye kioo yalikuwa yamekosewa. Mwaka 2008 maktaba ilianza kuziweka kwenye Flickr bure, na watu wa kawaida, wapenzi tu wa mchezo, wakaanza kusahihisha. Mmoja anatambua sare, mwingine ubao wa matangazo nyuma ya uwanja, wa tatu anakagua gazeti la siku hiyo. Jina linapatikana, tarehe inapatikana, rekodi inarekebishwa. Bila mnada. Na wewe, ukiwa na bando ya mia, unaweza kuzipakua usiku huu.

Kwa hivyo madai yangu ni manne, na siyapunguzi. Anayeuza picha aonyeshe mgongo wake wote, bila kukata. Jina la mpiga picha, likijulikana, liandikwe mbele ya jina la nyota. Hifadhi isivunjwe kabla kila kipande hakijaskaniwa na kuwekwa wazi. Na anayetafuta majina alipwe kama anayethibitisha umri wa karatasi, kwa sababu yeye ndiye anayegeuza karatasi kuwa picha.

Wakusanyaji wakikataa, sisi wengine tusingoje. Picha za Bain ziko wazi, magazeti mengi ya zamani yako wazi, na bado kuna benchi nyingi zilizojaa watu wasio na majina. Mimi nimeshaanza na yule wa mwisho kulia.